Mchezo Wauza Mashine, au Mashine Yauza Mchezo?

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Kaeni vizuri, wekeni madaftari mbele yenu na kalamu mkononi. Leo tutajifunza habari za biashara, na mfano wetu utatoka katika michezo ya video, ile inayochezwa kwa mashine iliyounganishwa na televisheni.

Huenda mzee mmoja kule nyuma atasema, "Michezo ni mambo ya watoto. Mimi yanihusu nini?" Mzee wetu, subiri kidogo. Makampuni makubwa yamepanda na mengine yameanguka katika biashara hii, na watu wengi wamepoteza kazi zao. Sababu zake zamhusu kila mtu auzaye kitu, na kila mzazi aombwaye na mtoto wake kununua.

Maana ya maneno

Kwanza tupatane juu ya maneno. Mashine ya michezo ni sanduku. Ndani yake mna vyombo vya umeme vinavyofanya hesabu kwa upesi sana. Lakini sanduku peke yake halichezi kitu. Yakupasa ununue mchezo na kuutia ndani. Zamani mchezo ulikuwa katika kaseti. Baadaye ukawa katika sahani ya CD. Fikiri habari za kinanda cha santuri. Mtu akinunua kinanda bila santuri hata moja, amenunua pambo la mezani. Hatasikia wimbo.

Sasa uliza: nani hutengeneza mchezo? Kuna njia mbili. Njia ya kwanza, kampuni iliyotengeneza mashine hutengeneza mchezo pia. Huo tutauita mchezo wa mwenye mashine. Njia ya pili, kampuni nyingine hutengeneza mchezo kwa ajili ya mashine isiyo yake. Huo tutauita mchezo wa watu wa nje. Andika maneno hayo mawili katika daftari lako, maana tutayatumia mpaka mwisho.

Swali letu la leo ni hili: katika mashine za zamani, ni michezo ipi iliyowavuta wanunuzi? Ya mwenye mashine, au ya watu wa nje?

Ugumu wa siku ya kwanza

Tuseme mtu amejenga soko jipya kando ya barabara. Amejenga vibanda vizuri, amepaka chokaa. Wauzaji wanamwambia, "Tutakuja wanunuzi wakiwapo." Wanunuzi wanamwambia, "Tutakuja bidhaa zikiwapo." Kila upande wamngoja mwenzake, na soko linaota majani. Afanye nini mwenye soko? Njia moja ni kuleta bidhaa zake mwenyewe na kuzipanga siku ya kwanza. Wanunuzi wakija kwa ajili ya bidhaa zake, wauzaji wengine wataona watu na kufuata.

Mwenye mashine ya michezo ana shida ile ile. Siku ya kwanza hakuna mtu mwenye mashine yake. Basi mtu wa nje atatengenezaje mchezo, ilhali hakuna wa kuununua? Hapo ndipo michezo ya mwenye mashine inapofanya kazi yake kubwa. Lakini tusitoe hukumu mapema. Tutazame mambo yalivyotokea.

Atari na watu waliotaka majina yao

Mwaka 1977 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mashine iliyokuja kuitwa Atari 2600. Siku za kwanza ilikuwa na michezo 9 tu, na yote 9 ilikuwa ya Atari yenyewe. Watu wa nje hawakuwapo kabisa.

Mwaka 1980 Atari ilitoa kaseti ya mchezo uitwao Space Invaders. Mchezo huo ulibuniwa Japani na kampuni ya Taito mwaka 1978, ukapendwa sana katika nyumba za michezo ambako watu hucheza kwa sarafu. Atari iliomba ruhusa, ikalipa, ikatengeneza kaseti yake. Watu wengi wakanunua mashine ili wapate kuucheza mchezo huo nyumbani. Tazama jambo hili vizuri: kaseti ilikuwa ya mwenye mashine, lakini wazo lilikuwa la watu wengine. Mwenye mashine aweza kuazima mbegu, akailima katika shamba lake mwenyewe.

Sasa sikiliza habari za watengenezaji. Siku zile mchezo mzima wa Atari uliweza kutengenezwa na mtu mmoja tu. Yeye aliwaza, yeye alichora, yeye aliandika maagizo ya mashine. Lakini jina lake halikuandikwa po pote. Jina lililoonekana lilikuwa Atari peke yake. Mmoja wao, Warren Robinett, alitengeneza mchezo uitwao Adventure. Ndani yake alificha chumba cha siri, na katika chumba hicho akaandika jina lake. Wakubwa wake hawakujua. Mchezo ukauzwa, na mchezaji mmoja kijana akakigundua chumba kile. Wakati huo Robinett alikuwa amekwisha kuondoka katika kampuni.

Wewe unayejifunza kuandika waelewa jambo hili kuliko watu wengi. Unakumbuka siku ulipoandika jina lako mwenyewe kwa mara ya kwanza? Mtu hupenda kazi yake ijulikane kuwa ni yake.

Wafanyakazi wengine wa Atari hawakuridhika na kuficha. Walitaka majina yao yajulikane, na walitaka kupata sehemu ya faida. Hawakupewa. Basi mwaka 1979 David Crane na wenzake watatu, ambao michezo yao iliuzwa vizuri, walishirikiana na Jim Levy kuanzisha kampuni ya Activision. Kampuni hiyo haikutengeneza mashine. Ilitengeneza michezo ya kutiwa katika mashine ya Atari, na majina ya watengenezaji yaliandikwa wazi. Hao ndio watu wa nje wa kwanza. Tena waliijua mashine ya Atari barabara, kwa kuwa walikuwa watu wa ndani jana yake.

Atari iliwashtaki. Shauri lilikwisha mwaka 1982 kwa mapatano: Activision iendelee, lakini iilipe Atari ushuru. Mwaka huo huo Activision ilitoa Pitfall!, mchezo uliouzwa kwa mamilioni. Kwa hiyo watu wa nje walileta faida kwa mwenye mashine pia, maana aliyeutaka mchezo huo alihitaji mashine ya kuuchezea.

Michezo mibaya

Lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguka bila mlinzi. Makampuni mengi yaliingia, mengine bila ujuzi wo wote, na maduka yakajaa kaseti zisizo na maana. Usidhani ubaya ulitoka kwa watu wa nje tu. Atari yenyewe ilikosea. Mwaka 1982 ilitoa Pac-Man. Kaseti hiyo ilinunuliwa kwa mamilioni, lakini wengi waliona kwamba haifanani na mchezo waliouzoea katika nyumba za michezo. Mwisho wa mwaka huo huo ikatoa E.T., mchezo uliotokana na sinema. Mtengenezaji wake, Howard Scott Warshaw, alipewa wiki 5 tu ili kaseti ziwahi Krismasi. Jembe la kufuliwa usiku mmoja halilimi msimu mzima. Kaseti nyingi mno zilibaki bila kuuzwa.

Mwaka 1983 biashara ya michezo katika Marekani ilianguka vibaya. Atari ilichukua kaseti kwa malori, ikazifukia ardhini karibu na mji wa Alamogordo, katika jimbo la New Mexico. Watu wengi walidhani kuwa ni hadithi tu, mpaka mwaka 2014 shimo lilipofukuliwa na kaseti zikaonekana, na E.T. ikiwa mojawapo.

Basi, jambo la kwanza la kukumbuka: mchezo wa mwenye mashine ukiwa mbaya, huvunja imani kuliko mchezo wa mgeni. Mwenye nyumba akitoa chakula kibovu, mgeni atakula wapi?

Nintendo yaweka mlinzi mlangoni

Nintendo ilianza mwaka 1889 katika mji wa Kyoto, Japani, kwa kutengeneza karata. Mwaka 1983 ilitoa mashine iitwayo Famicom. Siku ya kwanza ilikuwa na michezo 3 tu, yote ya Nintendo. Mmoja wao ulikuwa Donkey Kong, mchezo wa Shigeru Miyamoto uliokuwa umependwa tangu 1981. Mwaka 1984 watu wa nje, Hudson Soft na Namco, wakaanza kuitengenezea michezo. Umeona? Mwenye soko alipanga bidhaa zake kwanza, kisha wengine wakafuata.

Mwaka 1985 mashine hiyo ilipelekwa New York kwa jina la NES. Wenye maduka waliogopa, maana hasara ya 1983 ilikuwa bado inawauma. Nintendo ikawaahidi kwamba itazichukua mashine zitakazobaki. Mwaka huo huo ulitoka mchezo wa Super Mario Bros., uliotengenezwa na Miyamoto na Takashi Tezuka. Kaseti zaidi ya milioni 40 zilitoka, nyingi zikiwa zimetiwa ndani ya sanduku la mashine yenyewe. Mashine zenyewe zilikuwa milioni 62 hivi duniani kote.

Nintendo ilikuwa imejifunza kwa msiba wa Atari. Katika Marekani iliweka kifuli cha umeme ndani ya mashine, ili kaseti isiyo na ruhusa isichezeke. Ikaweka na masharti. Kampuni ya nje isitoe michezo zaidi ya 5 kwa mwaka. Kaseti zitengenezwe na Nintendo. Na mchezo usipelekwe katika mashine nyingine kwa muda wa miaka 2. Masharti yalikuwa mazito, lakini Konami, Capcom na wengine waliyakubali. Kwa nini? Kwa sababu wanunuzi walikuwa wamekwisha kukusanyika, na aliyewakusanya kwanza alikuwa Mario.

Lakini haki isemwe pia. Katika Japani, Dragon Quest ya kampuni ya Enix, iliyotoka 1986, na Final Fantasy ya kampuni ya Square, iliyotoka 1987, zilikuwa za watu wa nje, nazo zilipendwa sana. Watu wa nje waliwafanya wanunuzi wakae.

Sega: nusu ya dawa haiponyi

Wakati huo huo kampuni ya Sega, ya Japani pia, ilikuwa na mashine yake, Master System. Ilifika Marekani mwaka 1986. Sega ilijua sana kutengeneza michezo. Lakini yale masharti ya miaka 2 yaliwafunga watu wa nje wakubwa, nao hawakuja. Sega ikalazimika kutengeneza karibu kila kitu peke yake. Ilishindwa katika Marekani na Japani. Katika Brazil, ambako kampuni ya Tectoy iliiuza tangu 1989, mashine hiyo hiyo ilipendwa miaka mingi. Kwa hiyo msambazaji mwema ana thamani yake.

Sega haikukata tamaa. Mwaka 1988 ilitoa mashine nyingine, Mega Drive. Wamarekani waliiita Genesis. Mwaka 1991 ikatoa Sonic the Hedgehog, mchezo wa mnyama kama nungunungu mdogo, wa rangi ya buluu, akimbiaye kama mshale. Tom Kalinske, mkuu wa Sega katika Marekani, aliamua kuutia mchezo huo ndani ya sanduku pamoja na mashine. Wengine walishangaa: kwa nini utoe bure mchezo wako bora? Lakini kila aliyenunua mashine ile alikuwa tayari mteja wa kaseti nyingine. Sega ikapanda, ikashindana na Nintendo bega kwa bega katika Marekani. Na safari hii haikuwa peke yake. Kampuni ya Electronic Arts ilileta michezo ya mpira iliyopendwa na watu wazima.

Sony na Nintendo: mizani

Sasa tunafika kwenye mizani halisi. Mwaka 1994 kampuni ya Sony ilitoa PlayStation katika Japani. Sony ilikuwa mgeni. Haikuwa na Mario wala Sonic. Lakini ilitumia sahani za CD, ambazo ni rahisi kutengeneza na zabeba vitu vingi. Ilifungua mlango kwa watu wa nje, nao wakaingia kwa wingi.

Mwaka 1996 Nintendo ilijibu kwa mashine iitwayo Nintendo 64. Michezo yake yenyewe ilikuwa mizuri mno. Super Mario 64 ya mwaka 1996 na Ocarina of Time ya mwaka 1998 zinahesabiwa mpaka leo kuwa miongoni mwa michezo bora iliyopata kutengenezwa. Lakini Nintendo iliendelea kutumia kaseti. Kaseti kubwa kabisa ya mashine hiyo ilibeba megabaiti 64. CD moja hubeba 650 hivi. Square, rafiki wa zamani wa Nintendo, ilitaka nafasi kubwa. Ikahamia kwa Sony, na mwaka 1997 ikatoa Final Fantasy VII katika CD 3.

Hesabu ya mwisho ni hii. PlayStation ziliuzwa zaidi ya milioni 102. Nintendo 64 ziliuzwa karibu milioni 33. Kwa kila mtu mmoja aliyenunua mashine ya Nintendo, watatu walinunua ya Sony.

Chukua kalamu sasa, tufanye hesabu nyingine. Super Mario 64 iliuzwa karibu milioni 12. Gawa kwa mashine milioni 33. Utaona kwamba zaidi ya mtu 1 katika kila watu 3 alikuwa na mchezo huo. Upande wa Sony, mchezo uliouzwa kuliko yote ulikuwa Gran Turismo, mchezo wa magari wa mwaka 1997, nao ni mchezo wa mwenye mashine. Uliuzwa milioni 10 na zaidi kidogo. Gawa kwa mashine milioni 102. Ni mtu 1 katika kila watu 10 hivi.

Hesabu hiyo yatuambia nini? Wateja wa Nintendo walikuja kwa mlango mmoja mkubwa. Wateja wa Sony walikuja kwa milango mingi midogo: huyu kwa magari, yule kwa ngumi, mwingine kwa hadithi ndefu. Nyumba yenye milango mingi ilijaa zaidi.

Mwisho wa Sega

Mwaka 1998 Sega ilitoa Dreamcast, mashine yake ya mwisho. Michezo yake mwenyewe ilikuwa ya kusifiwa. Lakini Electronic Arts ilikataa kuja, wateja walikuwa wamepoteza imani kwa mambo yaliyopita, na mashine ya pili ya Sony ilikuwa njiani. Mwaka 2001 Sega iliacha kutengeneza mashine, baada ya kuuza milioni 9 hivi. Mwisho wa mwaka huo huo, Sonic alionekana ndani ya mashine ya Nintendo. Mtoto wa mwenye nyumba amekuwa mpangaji kwa jirani.

Hata hivyo, tazama faida iliyobaki. Sega ilipoteza mashine, haikupoteza Sonic. Michezo yake iliendelea kuilisha. Na Nintendo, iliyoshindwa kwa hesabu ya mashine, ilibaki na Mario, na haikufa.

Tumejifunza nini?

Mosi, michezo ya mwenye mashine ilikuwa na nguvu nyingi mwanzoni. Bila hiyo, mnunuzi wa kwanza mara nyingi hakuja. Sony ndiye aliyepita njia nyingine, kwa kuwaalika wengi tangu mwanzo.

Pili, michezo hiyo peke yake haikutosha kushinda. Master System, Nintendo 64 na Dreamcast zilikuwa na michezo mizuri ya nyumbani, lakini jamvi lao lilikuwa na wageni wachache.

Tatu, mlango usio na mlinzi ni hatari, na mlango ulio mzito mno ni hatari pia. Atari iliumia kwa ule wa kwanza, na Nintendo ikapoteza marafiki kwa ule wa pili.

Nne, anayefanya kazi ya mikono na akili ndiye mali ya kwanza ya kampuni. Atari iliwanyima watu wake majina yao, nao wakaondoka na ujuzi wao.

Na wewe mzazi, mtoto akikuomba mashine yo yote, usitazame bei ya sanduku tu. Uliza kwanza: itachezesha nini, na kila mchezo ni bei gani? Ulizeni vivyo hivyo mnunuapo cherehani, au simu, au pampu ya maji: vifaa vyake vyatoka wapi, na vyauzwa na nani?

Maswali ya kujibu darasani

1. Eleza tofauti kati ya mchezo wa mwenye mashine na mchezo wa watu wa nje.
2. Kwa nini Warren Robinett alificha jina lake ndani ya mchezo?
3. Taja masharti mawili ambayo Nintendo iliwawekea watu wa nje.
4. Mashine milioni 62 ziliuzwa pamoja na kaseti milioni 40 za Super Mario Bros. Je, ni karibu watu wangapi katika kila 3 waliokuwa na kaseti hiyo?
5. Zungumzeni: kama ungejenga soko jipya kijijini, ungeanza na bidhaa zako, au ungewaalika wengine kwanza? Toa sababu zako.

Andikeni majibu kwa sentensi kamili, na chini ya kila jibu kila mtu aandike jina lake. Kwa herini mpaka somo lijalo.